Nyuzi za Mzee Solo

Bwenini,
Jumatatu, 3 Juni

Mdogo wangu Fundi Barafu,

Usishangae kupata barua wakati simu tunazo. Juzi nilipokupigia kukuuliza habari za mzee, nilimsikia nyuma yako akikohoa, na wewe papo hapo ukaanza kunisimulia habari za mvua. Nyumba yetu ile, ukinong'ona jikoni aliye chumbani anaitika. Kwa hiyo tuandikiane. Barua zako mpe dereva wa basi la asubuhi, zangu uzifuate ofisi ya vifurushi, na ukishasoma zibaki huko huko karakana, kati ya friji zako mbovu. Nyumbani zisifike.

Swali langu ni moja tu. Gitaa la baba liko wapi?

Mwezi wa nne uliniambia daraja lake limebanduka, kile kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi kwa chini, na kwamba umelipeleka kwenye duka la vyombo vya muziki la yule mama wa barabara ya posta. Vizuri. Mimi ni matroni wa bweni, si fundi wa magitaa, lakini nimekulia nyumba ya mpiga gitaa na ninajua daraja ni gundi, vibano na siku tatu za kungoja ikauke. Leo ni wiki ya saba. Kwa wiki saba watu wanajenga nyumba na kuhamia.

Wewe unaishi naye, unajua ninachoogopa. Tangu kiharusi kimkamate mwaka jana na mkono wa kushoto kufa ganzi, baba hana bendi, na mama hayupo. Amebaki na lile gitaa. Kulipiga hawezi, sawa, vidole haviwezi kubana nyuzi. Lakini kila asubuhi alikuwa analitoa kwenye kasha, analipangusa kwa kitambaa, analirudisha, ndipo anakunywa chai. Mtu aliyeitwa Mzee Solo miaka arobaini, ukimwondolea gitaa umembakizia nini? Likipotea hilo, baba naye tutampoteza, na hapa sifanyi mzaha.

Nenda kaulize. Na usiende na ule upole wako wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Dada yako,
Matroni


Karakana,
Jumapili, 9 Juni

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimepiga magoti nyuma ya friji ya mwenye bucha, ikanidondokea kwenye maji. Lakini nimeisoma yote.

Alhamisi nilikwenda dukani. Mbele magitaa yananing'inia ukuta mzima, chini yake vinanda na ngoma, na kwenye kaunta kuna visanduku vya nyuzi, maana yule mama huuza hata uzi mmoja mmoja kwa asiye na uwezo wa seti. Ndiyo sababu watu wanamwita Mama Nyuzi. Ni mtu mzima, miwani ina kamba shingoni, sauti ya taratibu. Nikamwambia nimefuata gitaa la Mzee Solo. Hakutazama hata daftari. Akasema, bado. Nikauliza bado nini, daraja gani hilo la wiki saba. Akasema gitaa la mtu kama yule halikimbizwi.

Kwenye rafu ya kazi zilizokamilika sikuliona. Kwenye meza ya matengenezo sikuliona. Nyuma kuna pazia la kijani, na nyuma ya pazia kuna chumba cha kufundishia. Humo mwanafunzi alikuwa anapiga. Dada, ungecheka. Sauti tatu zile zile, anazipata mbili, ya tatu anajikwaa, anarudi mwanzo. Mimi mwenyewe, niliyefukuzwa kwenye bendi ya baba baada ya mwaka mmoja wa gitaa la besi, sikuwahi kupiga vibaya namna ile. Nikamwambia Mama Nyuzi huyo mwambie akajifunze kushona. Akanikazia macho kama nimetukana, akasogea akasimama mbele ya pazia. Kwa nini asimame mbele ya pazia? Hilo ndilo lililonitia shaka.

Jambo lingine. Baba siku hizi Jumanne na Alhamisi anatoka. Anasema ni mazoezi ya kliniki. Anavaa shati la pasi na anajipulizia manukato. Sijui wagonjwa wa kliniki ya mkono wanajipulizia manukato kwa ajili ya nani.

Mdogo wako,
Fundi Barafu


Bwenini,
Ijumaa, 14 Juni

Fundi Barafu,

Manukato hayo nimeyasoma mara tatu. Mimi ninalea wasichana mia mbili na kumi, mtu akijipulizia manukato siku mbili zile zile za wiki mimi siulizi anaumwa nini, nauliza anakwenda kwa nani.

Wewe piga simu kliniki. Jifanye unauliza tarehe ya miadi. Kisha siku moja ufunge karakana umfuate kwa mbali. Usinijibu kwamba ni aibu kumfuata mzazi wako, aibu kubwa ni kuja kuambiwa na majirani. Na yeye usimuulize kitu. Ukimuuliza atajua tumeshtuka, atajifunga, hatutapata hata nusu ya habari.

Mwanamke aliyesimama mbele ya pazia ana kitu nyuma ya pazia.

Matroni


Karakana,
Ijumaa, 28 Juni

Dada Matroni,

Kaa chini kwanza.

Kliniki wanasema baba alimaliza mazoezi mwezi wa nne. Walimwambia mkono umefika mwisho wake, akawashukuru, akaondoka. Tangu siku hiyo hawajamwona.

Jana nilimfuata. Alikwenda polepole na fimbo yake, anasimama, anapumzika, anaendelea. Alipofika barabara ya posta hakuingia dukani kwa mbele. Alizunguka. Kuna mlango wa nyuma, akagonga mara mbili, ukafunguliwa na Mama Nyuzi mwenyewe. Mimi nikajibanza kwa fundi viatu ng'ambo ya barabara, nikampa kiatu changu ashone ili nipate sababu ya kukaa. Amekishona kiatu, ameshona na cha pili ambacho hakikuwa na tatizo. Saa moja na nusu. Baba alitoka anatabasamu. Sijamwona akitabasamu vile tangu mama alipokuwa hai. Yule mama alimshika kiwiko hadi aliposhuka ngazi, wakasimama wakazungumza kidogo, na baba akamwonyesha vidole vya mkono wa kulia, akavikunja na kuvikunjua, wote wawili wakacheka.

Na hivyo vidole, dada, vina plasta. Vinne, ncha zote. Nilimuuliza kwa mzaha amejikata wapi, akasema ni chupa ya dawa. Chupa gani inakata vidole vinne kwa mpigo?

Fundi Barafu


Bwenini,
Jumatano, 3 Julai

Mdogo wangu,

Basi yote yamejieleza. Yule mama ameanza na gitaa, sasa yuko kwa mwenye gitaa. Kwanza anakaa na chombo miezi mitatu ili mzee awe na sababu ya kwenda, kisha mlango wa nyuma, kisha kushikana viwiko. Na hizo plasta nakuambia anafanyishwa kazi. Anasugua na kupiga msasa magitaa ya watu kwa mkono mmoja alionao, mzee wa watu, halafu anachekewa kidogo anaona amependwa. Mtazame vidole akiwa amelala mchana, uone kama vimekuwa vigumu. Vikiwa vigumu, ujue ni kazi.

Sikatai baba kuwa na mtu. Nitalia siku moja, ya pili nitanyamaza. Ninachokataa ni mtu anayemtaka kwa sababu ya chombo. Gitaa la namna ile, la kuchongwa kwa mkono, lenye jina la Mzee Solo, kila mwenye duka analitamani ukutani kwake.

Nakuja likizo Jumamosi ya tarehe 27. Kabla sijafika nataka gitaa liwe nyumbani. Siku ukilipata usilipeleke moja kwa moja kwa mzee. Lipitishe karakana ulikague kila kona. Ukikuta wamebadilisha au wameharibu kitu, rekebisha kimya kimya, na baba usimwambie neno. Moyo wake hauhitaji mshtuko mwingine, na sitaki ajue yule Mama Nyuzi wake amemfanyia nini. Mimi nitashughulika naye nikifika.

Matroni


Karakana,
Alhamisi, 25 Julai

Dada, shikamoo.

Ulisema, nami nusu nilikuwa sikubali. Leo nimeona kwa macho yangu. Barua hii nampa dereva wa asubuhi ili ikufikie kabla hujapanda basi, ujue unakuja kukuta nini.

Kwanza vidole nimevitazama kama ulivyoagiza. Ni vigumu kama vya fundi mwashi.

Pili, asubuhi baba mwenyewe kaniambia gitaa liko tayari, nikamchukulie, kasha ni zito kwake. Nikaenda. Mama Nyuzi kanikabidhi kwa mikono miwili akasema, "Mwambie mzee kila kitu kiko kama tulivyokubaliana. Na wewe usiliguse."

Eti nisiliguse. Gitaa lililonilea.

Nikalifungua karakana juu ya meza. Daraja ni safi, sina la kusema. Lakini nyuzi, dada, nyuzi zote sita kazifunga kinyume. Nene ziko upande wa nyembamba, nyembamba ziko upande wa nene. Na ule mfupa mdogo wa juu ya shingo, wenye vijia sita vinavyopitisha nyuzi, kauchonga mpya kwa kufuata kosa hilo hilo. Huyu ndiye anayefundisha watoto wa watu. Ama hajui kazi, ama alitaka mzee akilifungua alione limeharibika, akate tamaa, aseme basi libaki dukani kwako.

Nikafanya ulivyoagiza. Nyuzi zote nimezifungua na kuzipanga upya kama alivyokuwa akizipanga baba maisha yake yote. Vijia vyembamba nimevitanua kwa tupa yangu ndogo ya mabomba, vile vipana nimevijaza gundi na unga wa mfupa ule ule. Kazi ya saa moja. Huwezi kujua kama liliguswa. Sauti sikuipima, hilo nimemwachia mwenyewe.

Kesho jioni namkabidhi. Sitasema neno.

Mdogo wako anayekungoja,
Fundi Barafu


Bwenini,
Jumanne, 6 Agosti

Mdogo wangu,

Nimefika salama, wasichana wamevunja dirisha moja tu. Nakuandikia yale ambayo hatukuweza kuzungumza baba akiwa pale pale.

Nilitegemea nikute mtu aliyerudishiwa roho. Uliniambia ulimkabidhi gitaa Ijumaa, akalifungua, akalitazama muda mrefu, akasema "ahsante", akalifunga. Mimi Jumamosi naingia namkuta kwenye kiti cha dirishani, shati limepigwa pasi, mikono iko mapajani. Ananiuliza habari za safari kama anamuuliza mgeni. Nikasema, baba, gitaa limerudi. Akasema liko chini ya kitanda. Kwa siku tisa sikuliona likitoka, hata kupanguswa halikupanguswa. Jumanne hakutoka. Alhamisi hakutoka. Chakula anasukuma sahani.

Nimelitafakari nikaona ni jambo moja tu: yule mwanamke amekwisha kumnasa, na sasa mzee anaumia kwa kuwa gitaa limerudi na sababu ya kwenda kwake imekwisha. Kwa hiyo Ijumaa nilipokuaga nakwenda kununua vitambaa, nilikwenda dukani.

Sikupiga kelele. Nilimwambia, baba yangu ni mgonjwa, ulichokuwa unakitaka kwake hukipati, na akija tena hapa umfungie milango yote miwili. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. Hakujitetea hata kidogo, ndipo nikazidi kuamini. Aliniuliza swali moja tu: "Ni yeye amekutuma?"

Nikasema ndiyo.

Mungu atanisamehe, ni uongo mdogo wa kumaliza jambo kubwa. Sasa atapoa. Mpe mwezi mmoja.

Matroni


Dukani,
Alhamisi, 29 Agosti

Kwako mwana wa Mzee Solo,

Nakuandikia kwa sababu anwani ya karakana yako imebandikwa kwenye friji yangu ya soda, uliyoitengeneza mwaka juzi. Nimejizuia kwa muda mrefu. Baba yako aliniapisha nisiseme, na leo ninavunja kiapo chake. Afadhali anikasirikie.

Siku tatu baada ya wewe kuleta gitaa, alikuja peke yake kulitazama. Lilikuwa bado kwenye vibano. Alilishika gitaa kichwani tu, akasema kliniki wamemwambia mkono umefika mwisho. Nikamuuliza kwa nini asigeuze: mkono wa kulia ujifunze kubana, wa kushoto ubaki kupiga tu juu na chini, hilo unaliweza. Akanicheka, akasema hiyo ni kumpa mtoto kazi ya mzee na mzee kazi ya mtoto. Wiki iliyofuata akarudi akagonga mlango wa nyuma.

Tulianza mwanzo kabisa. Nyuzi nilizigeuza, nikachonga mfupa mwingine unaofuata mpangilio huo. Kipigio cha nyuzi nilikuwa namfunga kwa plasta kwenye kidole gumba cha kushoto kwa sababu kinamponyoka. Vidole vya kulia vilichubuka hadi vikatoa damu, maana havijawahi kubana nyuzi tangu azaliwe. Mara ya kwanza alipopata sauti nne mfululizo bila kukosea alilia, nikatoka nje nikamwacha. Aliniambia, "Watoto wangu wananijua nikiwa juu. Sitaki wanisikie nikiwa chini." Ndiyo maana siku ile nilisimama mbele ya pazia. Alisikia kila ulichosema.

Alikuwa anajifunza wimbo mmoja tu, ule aliomtungia dada yako alipozaliwa. Alitaka dada yako aje likizo, afungue mlango, amkute anaupiga. Alikuwa ameufikisha. Polepole, lakini wote.

Kisha sikumwona tena. Dada yako alikuja akaniambia ametumwa na yeye anikataze. Mwezi mzima najiuliza nilimkosea wapi. Mfupa ulimuumiza vidole? Kuna uzi uliolia vibaya mbele ya watu? Mwambie aniletee gitaa nilirekebishe, na kama hataki kuniona nitamwachia kaunta nikae nyuma. Ila asikae bure. Mkono unaojifunza uzeeni haungoji. Ukikaa wiki nyingine chache utasahau, na sijui kama atakuwa na nguvu ya kuanza mara ya tatu.

Mwalimu wake,
Mama Nyuzi


Karakana,
Jumamosi, 31 Agosti

Dada,

Soma kwanza hiyo barua niliyoinakili nyuma ya karatasi hii, ndipo urudi hapa.

Umesoma? Yule mwanafunzi wa nyuma ya pazia alikuwa baba. Mimi nilisimama pale nikamwambia akajifunze kushona.

Nyuzi hazikuwa na kosa. Nilizikuta zimepangwa kwa ajili ya mtu aliyepigana miezi mitatu, nikazifungua moja moja nikajiona fundi. Na kinachoniua ni kwamba gitaa lilikuwa limewekwa sauti kamili. Ningepitisha kidole mara moja tu juu ya nyuzi ningesikia ziko sawa, ningejiuliza mtu asiyejua kazi amewezaje kuliweka sauti safi namna hii. Sikulipiga. Niliangalia tu.

Ijumaa ile nilisimama mlangoni mwake nikingoja afurahi. Aliinamia lile kasha muda mrefu, akagusa uzi mnene, akagusa mwembamba. Akasema "ahsante, mwanangu". Mimi nikaenda kula.

Nyumbani yuko kwenye kiti cha dirishani hadi sasa. Plasta hana tena. Nimejaribu kumwambia mara mbili, nikaishia kumuuliza kama amekula. Nifanye nini?

Mdogo wako


Bwenini,
Jumatano, 4 Septemba

Mdogo wangu,

Kwanza nilisema huyu mama ametunga. Nilikaa na wazo hilo tangu asubuhi hadi kengele ya chakula, kisha likanishinda. Wimbo ule hakuna mtu wa nje anayeujua.

Shati la pasi Jumamosi ile alilivaa kwa ajili yangu. Alikuwa ananingoja mimi.

Sikiliza. Tusimwue kwa ukweli wote kwa mara moja. Mwambie nyuzi zilikatika ukiwa njiani, ukafunga nyingine kwa haraka bila kujua mpangilio. Ni karibu na kweli. Ya mimi kwenda dukani usiyataje kabisa, nakusihi, na yale niliyosema pale yabaki kati yangu na yule mama. Kisha mpeleke mwenyewe kwa Mama Nyuzi, mlango wa mbele, mchana. Barua zangu zote zichome.

Naona aibu.

Matroni


Sebuleni,
Jumapili, 15 Septemba

Mwanangu,

Mdogo wako hakuniambia nyuzi zilikatika. Aliniletea barua zako zote na ile ya Mama Nyuzi, akaziweka mezani, akakaa mbele yangu kama anangoja kuchapwa. Yaliyokuwa kwenye barua zake mwenyewe alinieleza kwa mdomo, na alilia. Nimezisoma kwa siku mbili kwa sababu jicho moja linachoka. Unaandika vizuri. Ya wasichana wa bwenini yamenichekesha.

Nianze na lililo rahisi. Habari ya nyuzi imekwisha. Mdogo wako nilipomtoa kwenye bendi nilimwambia tatizo lake ni kupiga kwa macho. Sasa naona amenielewa, imemchukua miaka kumi na sita.

Lingine ni langu. Ile Ijumaa nilipoona nyuzi zimerudi zilivyokuwa zamani, sikumfikiria mtu mwingine zaidi ya Mama Nyuzi. Nilisema, huyu ameona siwezi, ameshindwa kunitamkia, amenirudishia gitaa la yule mtu niliyekuwa. Mwalimu akikukatia tamaa kwa adabu namna hiyo unafanyaje? Nilifunga kasha. Wewe ulipoingia kesho yake nilikuwa nimeshavaa, na sikuwa na cha kukupigia. Nilitamani kufa, mwanangu. Nakwambia sasa kwa kuwa imepita. Na dukani ni mwendo wa nusu saa hata kwa fimbo. Ningeweza kwenda kumuuliza, sikwenda, nilikaa dirishani wiki sita nikimlaumu mtu aliyekuwa akijilaumu. Kwa hiyo sina mdomo mrefu wa kuwasema.

Jumanne nilikwenda. Amenichongea mfupa mwingine nikiwa nimekaa pale pale. Kidole cha pete kimesahau kila kitu, kidole kidogo nacho hakinitaki, tumerudi kwenye zile sauti tatu. Huenda ule wimbo nitaupata tena, huenda nisiupate. Nilimtaka aniambie ukweli, akasema hajui. Yeye hakudai kuombwa radhi na mtu. Mimi ndiye ninayekwambia umwandikie. Ulimwambia nimekutuma. Sikukutuma.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Katika barua zako umeagiza waulizwe watu wa kliniki. Umeagiza nifuatwe barabarani. Umeagiza vidole vyangu vitazamwe nikiwa nimelala. Nimetafuta mahali ulipoandika muulize baba, nikapata mahali ulipoandika asiulizwe. Mmehangaika na mimi miezi mitatu, na naona ni kwa mapenzi, sikatai. Lakini nilikuwa hapa hapa kwenye kiti. Kilichokufa ganzi ni mkono. Masikio ni mazima, na ulimi ni mzima.

Ukijibu barua hii, juu ya bahasha andika jina langu.

Baba yako